Mama Mkwe Ataokoka kwa Mdomo wa Nani?

"Toa mikono yako kwenye sweta langu!"

Hivyo ndivyo mama mkwe alivyoniamkia Jumamosi, na chai ikiwa bado jikoni.

"Mama, sweta lako liko kabatini."

"Liko kabatini leo! Jumatano lilikuwa wapi? Sema. Lilikuwa kwenye kiti, katika sebule ya yule mwenzako mwenye sauti ya honi, na watu wazima wenye akili zao wamelizunguka wameliwekea mikono. Mimi nimekufa lini, nikakosa habari?"

Kama ulikosa kusoma wiki iliyopita, usihangaike. Msiba wangu haujasogea mbali. Mama mkwe, matroni mstaafu wa bweni la wasichana, aliteleza bafuni kwake akaletwa kwangu apone nyonga. Nyonga ikapona, moyo ukagundulika mbovu, na yeye akabaki. Aliwatoa binti zangu chumbani mwao. Alikitumbukiza kitabu changu cha nyimbo kwenye ndoo ya kufulia, akasema kilikuwa kinanuka unafiki. Mwishowe daktari akanivuta pembeni, akaniambia tumtunze tu, tusimwulize yeye daktari siku zimebaki ngapi.

Tangu nilipoolewa namwombea huyu mama aokoke. Kabla ya maneno ya daktari niliomba kwa subira. Baada ya maneno ya daktari, niliomba kama mtu anayekimbilia gari la mwisho.

Sasa hilo sweta. Katika kikundi chetu cha sala, anayemwombea ndugu ambaye hajaokoka huja na nguo ya ndugu huyo. Tunaitundika kwenye kiti kitupu, kiti tunakiweka katikati, nasi tunaizunguka. Lengo ni kwamba usimsahau. Ukikitazama kile kiti unajua kuna mtu hayupo. Mimi nilichukua sweta lake la buluu, lile la umatroni, lenye kiraka kwenye kiwiko. Sikumwomba ruhusa, maana najua angenijibu nini.

Yote yangekwenda vizuri kama yule mwenye sauti ya honi asingekuja kumsalimia Ijumaa na kumwambia, "Mama, juzi sweta lako lilitutoa machozi!"

"Mnaniombea nini hasa?" mama mkwe akaniuliza.

"Uokoke, mama."

"Halafu?"

"Halafu basi. Uwe na Mungu."

"Na kama hanitaki?"

"Anakutaka."

"Wewe unanitaka?"

Nilikuwa nimeshika foronya. Nikaikunja. Nikaikunjua. Nikawa nimechelewa kujibu.

"Umeona?" akasema, na uso wake ulifurahi kweli. "Mungu gani huyu anayenitaka, halafu anatuma mjumbe asiyenitaka?"

Mume wangu akatokeza mlangoni na bisibisi. Yeye ni fundi umeme, na katika nyumba yetu sauti zikipanda huwa lazima kuna soketi imeharibika mahali.

"Naona taa ya nje..." akaanza.

"Kaa chini," mama yake akamwambia. "Hata taa imechoka kukimbiliwa."

Akakaa.

"Nimechoka kuombewa," mama mkwe akaendelea. Alikuwa anahema kati ya neno na neno. "Kila nikifumba macho nasikia jina langu ukutani. Basi, tuyamalize. Leo naokoka."

Foronya ilinitoka mkononi. Nikapiga magoti pale pale kwenye zulia, nikamshika mkono. "Mama, sema baada yangu..."

"Baada yako nani? Inuka! Kwa mdomo wako siokoki mimi. Wewe unasali kama mtu anayegonga mlango wa choo, aliye ndani amalize atoke."

Mume wangu akakohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, na hilo nimeliweka kiporo.

"Kwa mdomo wa nani basi?" nikauliza. "Mchungaji?"

"Mchungaji anapenda kujisikia. Niletee mke wa mwanangu."

"Si mimi hapa?"

"Wewe ni mama wa wajukuu zangu. Nimesema mke."

Bisibisi ikaanguka.

Mume wangu alioa kabla yangu. Hakunificha, nami sikuuliza mengi. Yule mwanamke hakupata mtoto, na mama mkwe alimtoa nyumbani na begi lake moja mchana kweupe, majirani wakitazama. Siku hizi anafundisha udereva. Gari lake lina bango juu ya paa, na likitupita barabarani mume wangu huangalia viatu vyake.

"Mama, yule ulimfukuza wewe mwenyewe," nikasema.

"Nani kakwambia nimesahau? Yule alikuwa ananiombea kabla yako. Kimya kimya, nyuma ya mlango wa jiko, akidhani sijui. Nilimkuta. Yule hakuniombea ili ashinde." Akafumba macho. "Huyo ndiye namtaka. Usipomleta, nitajua mnaniombea kwa burudani yenu tu."

Mume wangu akanifuata kwenye ukumbi.

"Usiende."

"Unaogopa atakataa?"

"Naogopa atakuja."

Nikamtazama. Akaangalia viatu vyake, na hata gari lenyewe halikuwepo.

Nilisimama pale na mkoba begani. Katika sala zangu zote nilikuwa nasema, "Bwana, mtumie yeyote." Niliposema yeyote, kichwani nilikuwa na mchungaji, au yule daktari, au hata mwenye sauti ya honi. Sikuwa na huyu. Lakini nilikuwa nimesema yeyote, tena kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Nikaenda.

Nilimkuta kwenye uwanja wa mafunzo. Gari lilikuwa linatambaa kati ya mapipa yaliyopakwa rangi nyeupe, na usukani ulikuwa umekumbatiwa na mzee mmoja mwenye kipara, jasho linamtoka kama anachimba kisima. Nikagonga kioo.

"Kuandikishwa ni Jumatatu," mwalimu akasema bila kugeuka.

"Sikuja kuandikishwa. Mimi ni mke wa..."

"Nakujua. Panda nyuma. Muda wa mteja unakwenda."

Nikapanda. Gari likaruka mara mbili kama chura, likaondoka.

"Mama mkwe anakufa," nikasema.

"Wako au wangu?"

"Wetu."

"Mimi wangu nilimrudisha. Mzee, kushoto. Mzee! Huo ni kulia."

Nikamweleza yote: moyo, sweta, sharti. Sikupamba. Nilipofika kwenye sharti alicheka hadi akakanyaga breki ya upande wake, mzee akagonga kifua kwenye usukani.

"Samahani, mzee wangu. Washa, twende. Ati mimi? Nimwongoze sala mimi?"

"Anasema ulimwombea kabla yangu. Anasema alikukuta jikoni."

Kicheko kikakatika.

"Alikwambia alinikuta?"

"Ndiyo."

"Alikwambia alichosema?"

"Hapana."

Akafunga kioo cha upande wake, kana kwamba mapipa yangesikia.

"Nilikuwa nimetoka hospitali. Mimba ilikuwa imetoka. Nimepiga magoti nyuma ya mlango, na wala sikuwa naombea tumbo. Nilikuwa namwombea yeye. Nasema, Bwana, mlainishe huyu mama, mfungue moyo, akujue. Nikafumbua macho nikaona viatu vyake. Akaniambia: 'Huyo unayemwomba ameshakujibu, ndiyo maana tumbo limerudi bapa. Inuka, sakafu inasubiri deki.'"

Gari likapunguza mwendo.

"Nikainuka," akasema. "Nikapiga deki. Tangu siku hiyo sijapiga magoti. Hata tairi likitoboka, natafuta mtu wa kupiga goti."

Gari likazimika. Mzee mwenye kipara alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Pole sana, mwalimu."

"Klachi kwanza, mzee. Pole baadaye."

"Kwa hiyo huji," nikasema.

"Nimesema siji? Nakuja. Nakuja kumwambia kwamba anayemtafuta hayupo. Alimzima yeye mwenyewe, jikoni, kwa mdomo wake."

"Utamuua."

"Si umesema anakufa?" Akageuka kiti kizima, akanitazama kwa mara ya kwanza. Ana macho mazuri. Nilikuwa nimeomba asiwe nayo. "Na wewe, dada. Tusidanganyane humu garini. Unamwombea aende mbinguni, au aende tu?"

"Inategemea kaamkaje."

Mzee akacheka, akajizuia, akashindwa. Mwalimu naye akacheka. Nikaona nimalize kabla hawajanizoea.

"Simpendi," nikasema. "Najitahidi, na bado simpendi. Lakini nikifikiria afe hivi, bila Mungu, silali. Namlisha kwa kijiko, ananitemea, naenda kumwombea. Sijui hicho ni kitu gani. Kama ni chuki, ni chuki yenye kazi nyingi mno."

Hakucheka tena. Simu yangu ikalia.

"Anahema kama mtu anayepanda ngazi," mume wangu akasema. "Anauliza mmefika wapi."

Mmefika. Kumbe mama mkwe alishajua nitarudi na nani.

"Mzee wangu, shuka," mwalimu akasema. "Jumatatu nitakufidia."

"Lakini bado sijaegesha!"

"Umeegesha vizuri sana. Shuka."

Akashika usukani yeye. Aliendesha kama mtu ambaye hajawahi kusikia hata neno moja la anayoyafundisha.

Mume wangu alikuwa amesimama kizingitini. Wakatazamana.

"Umenenepa," yule akasema.

"Kidogo," mume wangu akajibu.

Nimezaa naye watoto. Nimeishi naye kwenye njaa na kwenye shibe. Sijawahi kuisikia ile sauti aliyotumia kusema kidogo. Nikawapita wote wawili, nikaingia ndani, maana pale mlangoni ningetenda dhambi.

Chumbani mama mkwe alikuwa ameegemezwa mito. Alikuwa amejipaka mafuta usoni na kuchana nywele. Kwa ajili yangu hajawahi kushika kitana. Ufunguo ulikuwa mlangoni kwa ndani, kama anavyopenda, ili sisi wenye nyumba tugonge.

"Wewe baki nje," akaniambia.

"Sibaki. Mashuka yangu, mito yangu, na sala yangu."

"Basi simama hapo. Na usiseme amina mpaka nikuruhusu." Akamgeukia yule mwingine. Akamtazama kwa muda, juu mpaka chini, kama alivyokuwa akikagua vitanda vya wasichana wake. "Umekuja."

"Nimekuja."

"Nataka uniombee. Ile ile ya jikoni."

"Ile iliishia jikoni, mama. Siamini tena. Uliniambia Mungu ameshanijibu. Wewe ndiye niliyekuamini."

Nikasubiri mama mkwe afe. Kweli kabisa, nilianza kutafuta kwa macho kitambaa cha kumfunga kidevu. Hakufa. Midomo yake tu ndiyo iliyocheza.

"Huamini hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Ukiwa barabarani, lori likikujia?"

"Nakanyaga breki."

Mama mkwe akageuza shingo taratibu, akanitazama mimi.

"Umeniletea mtungi mtupu."

"Wewe ndiye uliyeumwaga," nikamjibu.

Nilisubiri matusi. Badala yake akaitikia kwa kichwa. Mara moja. Huyu mama hajawahi kukubaliana nami hata juu ya chumvi.

"Niliumwaga," akasema. "Nilitaka kuona kama utamwagika. Ukamwagika." Akahema, na kifua kikatoa sauti ya mfuko wa nailoni. "Basi sikilizeni wote wawili. Mimi siendi. Siwezi kuingia nyumba ya watu wakati niliyemfungia mlango bado kasimama nje. Hata mimi nina haya kidogo. Atangulie yeye. Yeye akirudi kwa Mungu wake, dakika hiyo hiyo namfuata. Asiporudi, nizikeni hivi hivi nilivyo."

"Mama!" nikapiga kelele.

"Nimesema."

"Usinibebeshe roho yako!" yule mwanamke akafoka. "Nilibeba maji yako, nilibeba nguo zako, nilibeba maneno yako. Roho yako sibebi. Unataka niamini kwa lazima ili wewe upone? Hii ni deki nyingine!"

"Ndiyo," mama mkwe akasema. "Ni deki nyingine. Na wewe ulipiga vizuri kuliko huyu."

"Kufa basi!"

"Nakufa. Hilo halihitaji ruhusa yako."

Yule akageuka, akafika mlangoni, akashika kitasa.

Nami nilikuwa nimesimama katikati, kama kile kiti chetu cha Jumatano. Nilikuwa nimeomba roho moja kwa subira yote niliyokuwa nayo. Sasa zilikuwa mbili. Ya pili haitaki, ya kwanza inaisubiri ya pili, na kifua cha mama mkwe kilikuwa kinatoa ile sauti ya nailoni. Kama hili ndilo jibu la sala, nilitamani mtu anikumbushe niliomba nini hasa.

Nikamtazama mwenye mkono kwenye kitasa. Alikuwa amekishika. Hakuwa anakizungusha.

Mimi nina stashahada ya ushonaji na nasimamia karakana ya sare za shule. Nina wanawake ishirini na cherehani zao. Wakigombana wakati mzigo wa mteja haujaisha, siwapatanishi. Sina kipaji hicho. Nafunga mlango, tunabaki ndani wote, mimi pamoja nao, na mzigo unaisha. Wananichukia mpaka jioni. Lakini hakuna shati lililowahi kutoka bila mkono.

Nikauondoa mkono wake kwenye kitasa. Nikafunga kwa ufunguo, nikauchomoa.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Hee!" mama mkwe akasema kitandani, na nilijua sauti ile. Alikuwa amefurahi.

Nikapiga magoti. Si kwa sala, bado. Chini ya mlango niliona viatu vya mume wangu, vimesimama pale pale tangu mwanzo. Nikausukuma ufunguo ukapita chini, ukagonga soli.

"Nini hiki?" akauliza.

"Ufunguo. Hatoki mtu humu ndani mpaka hawa wawili wamemalizana na Mungu."

"Na mama akizidiwa?"

"Ameshazidiwa."

"Yule mwenzako akija? Mchungaji akija?"

"Waambie ndani kuna ibada."

Mwalimu wa udereva alianza kugonga mlango kwa ngumi juu ya kichwa changu. Mama mkwe alikuwa anakohoa, au anacheka, sikugeuka kutazama. Nikaweka mdomo wangu karibu kabisa na sakafu, ili mume wangu anisikie mimi peke yangu.

"Usifungue," nikamwambia. "Hata ukisikia ni mimi ninayelia."

Chini ya mlango nikaona mkono wake ukishuka, ukauokota ufunguo.